Nilivyomwondolea Shangazi Rangi

Kuna wamama pale soko la Baraka, upande wa wauza ndagala, dagaa wetu, ambao mpaka leo wakiniona napita na begi langu la kamera hawanisalimii kama watu wanavyosalimiana, wananiuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye maboti, "Sadiki, leo umetuulia nani?" na wote wanapiga makofi na kucheka, na mimi nacheka nao (nifanye nini?), kisha nikishapita kona najipangusa jasho. Ndiyo maana siku hizi napita nyuma ya soko, kwenye matope, ingawa njia ile ni ndefu na inanuka. Ninyi rafiki zangu mmesikia kipande kipande tu cha habari hii, na kila aliyewasimulia ameongeza chake, eti nilikuwa nimelewa, eti nilitaka kula chakula cha bure cha matanga. Sikuwa nimelewa. Ingekuwa afadhali, maana mlevi anasamehewa kesho yake.

Kwanza mjue kwamba mimi sikai mahali. Nimekaa Kigoma, nimekaa Kalemie, nimekaa Uvira, nimeuza sabuni, nimeendesha pikipiki ya mtu, nimepiga watu picha za pasipoti mbele ya ukuta wa shule, na kila mahali nikishaanza kuzoea nakumbuka kwetu, na nikifika kwetu naanza kukumbuka kule nilikotoka. Lakini kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni picha za baba. Alikuwa nazo nyingi, zote nyeusi na nyeupe: mama amebeba mihogo, babu amesimama mbele ya nyumba ya nyasi amekunja uso, wavuvi wanatandaza nyavu, na hakuna anayecheka. Tulipokimbia vita na kuvuka ziwa nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na katika haraka ile kila mtu alibeba kitu, mimi nikabeba sufuria na godoro, picha zikabaki chini ya kitanda. Tuliporudi hakukuwa na kitanda, wala nyumba ya kuwekea kitanda.

Kwa hiyo nilipopata kamera ya mitumba nikajiambia nitazirudisha. Si zilezile, nilijua, lakini za namna ile: mashamba, moshi, majembe, mitumbwi, bila rangi, kama kwamba hatukuwahi kuondoka. Nilianza kutembea kijiji kwa kijiji nikipiga na kupanga, nikihamisha mbuzi huku na kule, nikiwaambia watu wazima wageuke kidogo, wainue kidevu, waache kutafuna. Wengine walinivumilia. Wengine walinifukuza.

Sasa, shangazi Feza. Ni dada ya baba, mjane, anakaa Lweba, na ana mtoto mmoja tu, Wilondja, binamu yangu, ambaye sisi tuliporudi yeye alibaki Kigoma akaoa kule. Baba yake alipokufa Wilondja hakuja kuzika. Alikuwa na sababu zake, lakini shangazi hakuzitaka, akamwambia kwa simu, mbele ya watu waliojaa uwanjani, maneno ambayo kila mtu wa ukoo wetu anayajua mpaka leo: "Usikuje tena. Hata siku mi nitakufa, usikuje." Baada ya hapo hawakuongea. Wilondja alikuwa anatuma vitu na watu wa maboti, sukari, sabuni, blanketi, na shangazi alikuwa anapokea, anashukuru aliyeleta, kisha anawagawia majirani vyote bila kufungua. Ilikuwa hivyo miaka na miaka. Mpaka mwaka huu, Wilondja alipotuma kitenge, chekundu kabisa, chenye ndege wa kijani, na shangazi (sijui kitu gani kilimshika, hajatuambia) akakaa nacho siku kadhaa juu ya mapaja, kisha akakipeleka kwa fundi.

Nilimkuta shambani, kwenye kibanda chake huko juu ya Lweba anakolala wakati mahindi yanapokomaa, kwa sababu ya nyani. Alifurahi kuniona, akanipa muhogo wa kuchoma, akanizungukazunguka kama mtu mwenye neno, mwishowe akalitoa.

"Sadiki, ile aparei yako inaweza kutuma foto mpaka Kigoma?"

"Inaweza, shangazi. Napitisha mu telefone, inafika."

"Basi utanipiga foto na ile kitenge. Utatuma kwa Wilondja. Na usiandike kitu."

"Nisiandike ata salamu?"

"Ata salamu. Ataona kitenge, atajua."

"Atajua nini?"

"We ni mutoto? Atajua nilivaa."

Nataka mkumbuke hapo, kwa sababu mimi nilisahau. Mtu mzima alikuwa ananipa ujumbe wa amani wa kupeleka kwa mtoto wake, na ujumbe wenyewe ulikuwa rangi nyekundu.

Akaingia kibandani akatoka amevaa. Nami nikaanza kazi. Nikamsimamisha katikati ya matuta ya mihogo ili mistari yote imkimbilie yeye, nikawasha majani makavu upande wa kushoto nipate moshi, nikasogea mpaka ziwa likaonekana nyuma ya mabega yake kama utepe mweupe. Jua lilikuwa linapanda, na mimi nilikuwa bado napanga.

"Ile bidon ya maji tuiondoe, shangazi, inaharibu."

"Bidon yangu iko na makosa gani?"

"Ni ya njano."

"Njo rangi yake."

"Na usicheke. Angalia chini kidogo, kama muntu anawaza."

"Nawaza nini?"

"Kitu yoyote."

"Nawaza miguu inaniuma, juu ya vile umenisimamisha hapa tangu asubui kama muhindi ya shamba."

Akacheka mwenyewe, nikapiga, haikunipendeza. Nikangoja. Moshi ukamwingia machoni, akafumba macho, akashusha uso, mikono ikalala juu ya mpini wa jembe, na hapo ndipo nikapiga ile picha. Nilijua palepale kwamba ni yenyewe.

Jioni nikapanda kile kilima cha nyuma ya kijiji ambapo mtandao unashika (kuna jiwe moja, ukisimama kando yake huna kitu, lazima usimame juu yake), nikaiangalia picha kwenye simu. Sasa, rafiki zangu, rangi zilikuwa zinapigana. Kitenge chekundu kinapiga kelele, ndege wa kijani nao wanajibu, na bidon ya njano, ambayo shangazi alikuwa ameirudisha nyuma yangu bila kuniambia, inachungulia pembeni, na juu ya kibanda hema la bluu alilotandaza kuzuia mvua. Nikabonyeza pale pa kutoa rangi. Basi. Kila kitu kikanyamaza. Nilibaki juu ya lile jiwe nikimwangalia mama wa zamani kwenye shamba la zamani, na karibu nilie, nikasema baba angeiona hii angeiweka juu kabisa ya zingine.

Namba ya Wilondja ninayo. Ningeweza kumtumia yeye peke yake. Lakini niliona picha kama ile isionwe na mtu mmoja tu, kila mtu wa ukoo aone Sadiki anafanya nini na maisha yake, maana wengi wanadhani sifanyi kitu. Nikaitupa kwenye grupu ya familia, ambamo Wilondja yumo pia, bila neno hata moja, kama shangazi alivyoagiza. Kisha nikazima simu, kwa sababu betri ilikuwa inakwisha.

Na mnajua ninyi, na mimi nilijua, sijui siku ile akili yangu ilikuwa wapi (ilikuwa chini ya kile kitanda, kwenye picha za baba): kwetu siku hizi mtu akifa, kabla watu hawajatafuta hema wala viti, ndugu anachukua foto yake, anaitoa rangi, anaitupa kwenye grupu, na haandiki kitu, maana aliyefiwa hana nguvu ya kuandika. Ukifungua simu ukakuta uso wa mtu wenu mweusi na mweupe, huulizi. Unakaa chini kwanza.

Alfajiri nikapata boti ya kwenda Ubwari. Shangazi alikuwa bado kibandani kwake, nilimuaga tangu jana. Sitawasimulia sana Ubwari, nilikuwa na furaha kule, nikipiga nyavu zilizoanikwa, watoto wanaruka majini, bibi mmoja anayekwangua samaki bila kuangalia mikono yake. Kijiji nilichofikia sahani yao ya umeme wa jua ilikuwa imeharibika, hakuna pa kuchajia, simu yangu ikalala mfukoni na kamera ikafa siku ya mwisho, na mimi nikasema vizuri, ndivyo walivyokuwa wanaishi zamani, bila kusumbuliwa.

Nikarudi na boti ya samaki mpaka Baraka, asubuhi. Pale ufukweni mama mmoja ninayemfahamu kwa mbali aliweka beseni lake chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, papa. Mungu ni mukubwa."

"Aksanti, mama, nimeisha kuzoea," nikamjibu, nikidhani ni pole ya safari. Aliniangalia vibaya. Mwingine naye akanipa pole, nikamwambia ziwa halikuwa baya sana. Niliendelea hivyo barabara nzima, nikiwachekea watu, nikiwaza tu kwamba lazima nimechomwa na jua mpaka ninatia huruma.

Nyumba ya kaka yangu mkubwa, yaya Ebengo, haiko mbali na soko. Nilipoingia uwanjani nikakuta hema limefungwa kwenye miti, viti vya plastiki vimejaa, wanaume wameinama, wamama wako kwenye mikeka, masufuria makubwa juu ya moto, na korali ya kanisa imesimama imevaa sare za kuimbia. Na mbele, juu ya kimeza chenye kitambaa cheupe na maua, kuna picha imekuzwa, imewekwa kwenye kadri ya mbao yenye kioo.

Ile picha yangu.

Sasa hapa ndipo aibu yangu ya kweli ilipo, ile ambayo wamama wa soko hawaijui, nawaambia ninyi. Kitu cha kwanza nilichokifikiri hakikuwa kifo. Kitu cha kwanza nilichokifikiri ni kwamba mistari ya mihogo imetoka vizuri sana. Cha pili, niliona waliikata upande wa kushoto ili iingie kwenye kadri, moshi wangu umepotea, na nikakasirika kidogo. Ndiyo. Nilisimama mbele ya matanga ya shangazi yangu nikisikitikia moshi.

Kisha ikanifikia. Maua, korali, shangazi. Nilimwacha peke yake juu kule, na siku zimepita, na amekufa nyuma yangu. Sikumuuliza mtu. Nilipiga ukelele ambao mimi mwenyewe sikujua ninao, nikajitupa chini, nikagaagaa kwenye vumbi, nikapasua shati, nikashika mti wa hema ili nijiinue, ukang'oka, na hema lote la upande ule likaiangukia korali. Walitoka chini yake mmoja mmoja wakiendelea kulia, kwa sababu walidhani ndiyo uchungu wangu, na wamama, walipoona mimi niliyekuwa na marehemu nalia namna ile, wakaanza upya kwa sauti waliyokuwa wameishaipumzisha.

Yaya Ebengo akaniinua. "Nguvu, Sadiki. Nguvu. We njo ulikuwa naye."

Na mnajua desturi. Aliyekuwa na marehemu ndiye anayesimama mbele ya watu kueleza namna ugonjwa ulivyoanza mpaka mwisho, na wote huwa wanamngoja huyo. Pasta akanyamazisha korali, akasema ndugu amefika, atatuelezea. Nikasimama pale na shati limepasuka, makamasi yananitoka.

"Nilimuacha muzima," nikasema. "Muzima kabisa."

"Yooo!" wamama wakalia.

"Hakusema kitu inamuuma?" mzee mmoja akauliza.

Nikakumbuka. "Miguu," nikasema. "Alisema miguu inamuuma. Na mi nilimusimamisha tu, nilimusimamisha pa jua…"

"Yooo, miguu!" Na mzee akatikisa kichwa akamwambia jirani yake kwamba inaanzaka vile, inapanda kutoka chini inaenda kwenye moyo.

Nililia tena mpaka nikachoka, ndipo nikamuuliza yaya, "Nani alileta habari? Nani alimukuta?"

Akaniangalia. "Nani alileta namna gani? Ni weye."

"Mimi?"

"Ni weye ulituma foto."

Nadhani hata masufuria yaliacha kuchemka. Nikageuka nikaiangalia ile picha juu ya kimeza, uso umeinama, macho yamefumbwa, mweusi na mweupe, halafu nikawaangalia watu, na watu wakaniangalia mimi, na nikasikia baridi inapanda kutoka kwenye miguu kama yule mzee alivyosema.

"Yaya," nikasema, "mi nilituma foto tu."

"Foto tu namna gani?"

"Ya shamba. Niliitoa rangi… ipendeze."

"Ipendeze?" Huyo alikuwa Mama Riziki, mke wa yaya, ambaye sauti yake ilikuwa imekwisha kwa kulia siku zote zile, ilitoka kama ya jogoo. "Sadiki, umesema ipendeze? Mi nilinyoa kichwa!" Akavuta kitambaa kichwani, na kweli, kilikuwa kinang'aa.

Basi maneno yakaanguka kutoka kila upande. Walipiga simu yangu haipatikani, wakasema ni uchungu. Walimpigia jirani wa Lweba, akaenda akakuta kufuli kwenye mlango wa nyumba yake ya kijijini, akasema mama Feza haonekani siku hizi, ikathibitika. Asubuhi ileile yaya alikuwa ametuma lori Lweba na vijana wenye nguvu, na jeneza. Mmoja wa korali akaanza kucheka, akaziba mdomo, mwingine akamfuata. Mama mmoja akauliza kama watu waende nyumbani ao wabakie, juu chakula kimeisha kuiva. Ningecheka hata mimi, labda. Lakini yaya Ebengo hakuwa anacheka. Alinivuta pembeni.

"Wilondja iko mu maji," akasema.

"Maji gani?"

"Ameisha panda boti. Tulimukumbusha maneno ya mama yake, tukamuambia abakie. Alisema atakuja, ata watu bakimufukuza pa kaburi. Usiku upepo ulikuwa mubaya, Sadiki. Ile boti ilipaswa kuwa hapa tangu jana."

Nilikwenda nikakaa nyuma ya jiko. Niliwaza mtu ambaye mama yake alikuwa amemtumia msamaha, na mimi nikauchukua njiani nikaufanya kifo, na sasa anavuka ziwa baya kwa ajili ya kifo hicho ambacho hakipo, na kama akizama hatajua kamwe kwamba kitenge kilishonwa. Kila upepo ulipotikisa lile hema lililoanguka niliinuka kuchungulia upande wa ziwa.

Lori lilirudi kabla ya mchana. Jeneza lilikuwa nyuma, tupu, vijana wamelikalia, na mbele, kando ya dereva, alikuwa shangazi Feza. Walinieleza baadaye kwamba walimkuta anawatupia nyani mawe, akawauliza nani amekufa, nao wakaangaliana, mwishowe dereva akasema, "Ni weye, mama." Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza kama Wilondja amesikia. Walipomwambia yuko ziwani akaacha kucheka, akaingia kibandani, akatoka amevaa kitenge.

Alishuka kwenye lori mwenyewe, hakutaka kushikwa. Watu wakampisha. Bibi mmoja alimgusa mkono, akajaribu kama una moto. Wengine walisogea nyuma ya viti. Yeye alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kimeza, akasimama mbele ya picha, kitenge chekundu mbele ya kitenge cheusi, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Sadiki."

Nikatoka nyuma ya jiko.

"Kitenge yangu iko wapi?"

"Iko pale, shangazi. Njo ile umevaa."

"Hii ni nyeusi. Mi nilivaa nyekundu."

"Ni… ni namna ya foto za zamani, shangazi."

"Mi nilikuomba za zamani?"

Afadhali angenipiga kofi. Aligeuka akatoka uwanjani akashika njia ya ziwa, na watu wote wakamfuata, wengine na viti vyao, pasta, korali, vijana wa lori, matanga yote yakahamia ufukweni, mimi nyuma kabisa.

Alisimama. Walimletea shangazi kiti akakataa. Maji yalikuwa bado yana mawimbi ya rangi ya udongo, na kila mtumbwi uliojitokeza mtu alisema ndiyo hao, na haikuwa hao. Hakuna aliyenisemesha. Jua lilikuwa limeanza kushuka boti ilipoonekana, imeinama upande mmoja, na ilipokaribia tuliona kwamba haina mzigo, waliutupa wote majini usiku. Wilondja aliruka kabla haijafunga, maji kiunoni, kichwa kimenyolewa, amebeba juu ya bega kitambaa cheupe alichonunua kwa ajili ya kumzika mama yake. Aliwaona wanaume akaenda kwao analia, hakuinua macho upande wa wamama, akamwangukia yaya Ebengo kifuani.

"Nilikuambia usikuje." Ilikuwa sauti ya shangazi.

Wilondja aliganda. Hakugeuka.

"Nilikuambia, ata siku nitakufa, usikuje."

"Nilisikia, mama," akasema, bado amempa mgongo, kama mtu anayejibu ndotoni.

"Na umekuja."

"Nimekuja."

"Geuka basi uangalie," shangazi akasema, na sauti ikamkatika hapo. "Angalia. Nilivaa."

Aligeuka. Sitawaeleza uso wake, sina haki nao. Alipiga magoti kwenye mchanga wenye maji, akashika pindo la kile kitenge kwa mikono miwili, na wamama wakapiga vigelegele, hata Mama Riziki na kichwa chake kitupu na sauti yake ya jogoo. Mimi nilikuwa nyuma ya vikapu vya samaki. Baadaye Wilondja alinitafuta akanikuta hukohuko, akaniangalia sana.

"Sadiki, sijue nikupige ao nikushukuru," akasema. "Ngoja nipumzike kwanza."

Mpaka leo hajaniambia aliamua nini. Watu wengine, kwa kunifariji, wanasema bila mimi wasingeonana. Sikubali. Shangazi alikuwa na njia yake, nzuri, ya taratibu, na Wilondja angekuja na mke wake na watoto mchana mweupe, akicheka. Na usiku ule ziwani waliponea chupuchupu. Wangezama, ile foto ingekuwa ya kweli, ila ya mtu mwingine.

Tuliporudi uwanjani Mama Riziki alitaka picha ichomwe, alisema inavuta mkosi. Shangazi akaichukua kutoka kwenye kimeza, akafuta kioo kwa kona ya kitenge, akaiinamisha huku na huku.

"Musiichome," akasema. "Nilitoka muzuri. Siku yangu ikifika kweli, hamutatafuta ingine." Akanigeukia. "Lakini ya kutuma kwa bantu, utanipiga na rangi. Na nitacheka."

Nikakimbilia kamera. Ilikuwa imekufa tangu Ubwari. Nilibonyeza, nikabonyeza, watu wote wananingoja, Wilondja na mama yake wameishashikana mabega, na mashine yangu haikutoa hata mwanga. Mama Riziki akaniondoa kwa kiwiko akapiga na simu yake, vuup, bila kupanga kitu. Ndiyo foto ambayo wote wanayo sasa. Shangazi anacheka mpaka mapengo yanaonekana, kitenge chekundu, kitambaa cheupe cha maziko Wilondja amekifunga kichwani kwa sababu ya jua, hema la bluu limejikunja nyuma yao, na mbele kabisa bidon ya njano (ya Mama Riziki, shangazi alidai iwekwe). Rangi zote zinapigana. Na pembeni, nimekatwa nusu, ni mimi, na viti vya plastiki juu ya kichwa, maana niliambiwa nivirudishe vyote kwa miguu. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na siyo mimi niliyeipiga.

Kwa hiyo nimeapa, na ninyi ni mashahidi: mtu aliye hai sitamtoa rangi tena, hata akiniomba. Naendelea na miti, mawe, mitumbwi mitupu. Wiki iliyopita nilipiga mbuzi mmoja wa kijiji cha Lubondja amesimama juu ya kichuguu, ukungu nyuma yake, nikashindwa kujizuia, nikamtoa rangi, na kabla ya kumtuma kwenye grupu nikaandika chini kwa herufi kubwa: MBUZI IKO MUZIMA. Jibu la kwanza lilikuwa la Mama Riziki. Aliandika: "Pole kwa familia."